Maswali ya Wasomaji: Mabango ya Neoni ya Las Vegas, na Lile la Dukani Kwako

SWALI: Mwezi Juni tunampeleka mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, kuona makumbusho ya wazi ya mabango ya zamani huko Las Vegas. Twende mchana au usiku? Mama hapendi kutembea sana.
Msomaji, Dallas

JIBU: Nunueni tiketi ya nusu saa kabla ya jua kuzama, na muinunue mapema, maana huuzwa kwa saa maalumu na zile za machweo ndizo huwahi kwisha. Hapo ndipo wengi hukosea. Mtu wa Tanga amezoea jua kuzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Las Vegas mwezi Juni huzama karibu saa mbili usiku, na Desemba saa kumi na nusu jioni tayari limezama. Mkiingia kukiwa bado na mwanga mtaona kutu, rangi zilizopakwa juu ya rangi na mishono ya bati. Giza likiingia, mabango yaliyokarabatiwa yatawaka mbele ya macho yenu.

Yaliyokarabatiwa, tumesema. Uwanja una mabango zaidi ya 200, na mengi hayawaki tena. Yanamulikwa kwa taa zilizowekwa chini. Msiyapite haraka. Simameni kwenye herufi za Stardust, hoteli iliyofunguliwa 1958 na kufungwa 2006. Zina pembe kali kama miale ya nyota, na ndani yake mmejaa matundu ya balbu, safu kwa safu. Watu wengi hudhani bango zima lilikuwa neoni, yaani mirija ya kioo yenye gesi inayowaka kwa umeme, kumbe sehemu kubwa ya mng'ao wa Las Vegas ya zamani ilikuwa balbu za kawaida.

Kuhusu mama: saa moja inatosha kuzunguka uwanja. Makumbusho, yaani Neon Museum, yako 770 Las Vegas Boulevard North, mbali na yale makasino makubwa ya kusini, kwa hiyo msijaribu kwenda kwa miguu. Avae viatu vya kufunika vidole, kwa sababu chini ni changarawe na mabati ya zamani yana ncha kali. Joto la Juni hufika nyuzi 40 na zaidi, na ni joto kavu: jasho hukauka kabla hujalihisi, wala hutoki chapachapa kama pwani. Anywe maji kabla ya kiu.

SWALI: Video zangu za taa za neoni zina mistari myeusi inayopanda na kushuka. Simu ni mpya. Tatizo ni nini?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Simu yako ni nzima. Mrija wa neoni unaotumia transfoma ya kawaida huwaka na kufifia mara mbili katika kila mzunguko wa umeme. Kenya umeme ni hezi 50, hivyo ni mara 100 kwa sekunde. Marekani ni hezi 60, mara 120. Jicho halioni, kamera huona. Weka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha, iwe sekunde 1/50 ukiwa nyumbani na 1/60 ukiwa Marekani. Kisha gusa kioo cha simu pale penye mrija unaowaka na ushushe mwanga mpaka uone rangi. Usipofanya hivyo nyekundu itatoka nyeupe katikati. Piga dakika 20 hivi baada ya machweo, anga ikiwa bado na ubuluu.

SWALI: Je, kuna chochote pale Neon Museum kinachohusu historia ya watu weusi?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Kipo, na kinaanzia mlangoni. Jengo la kuingilia lilikuwa ukumbi wa mapokezi wa moteli ya La Concha, lililojengwa 1961 kwa ramani ya Paul R. Williams, Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa mwanachama wa chama cha wasanifu majengo wa Marekani, mwaka 1923. La Concha ni kombe la baharini kwa Kihispania, na ukiinua macho utaona matao ya zege yaliyojikunja hivyo hasa. Lilikatwa vipande vinane na kuhamishwa hapo 2006.

Ndani ya uwanja, tafuta herufi za mwandiko wa mkono za Moulin Rouge. Hoteli hiyo ilifunguliwa Mei 1955, kasino ya kwanza mjini kupokea weusi na weupe pamoja, wakati wasanii weusi waliokuwa wakijaza kumbi za hoteli kubwa hawakuruhusiwa kulala humo. Haikumaliza mwaka. Aliyechora herufi hizo ni Betty Willis, mama yuleyule wa bango la kuwakaribisha wageni Las Vegas la 1959.

SWALI: Tumerithi bango la kioo la duka la marehemu baba. Neno la kwanza, jekundu, linawaka. La pili, la bluu, limezima na ncha zake zimekuwa nyeusi. Linatengenezeka? Naweza kuziba ufa kwa gundi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Gundi haitasaidia. Ndani ya mrija mna gesi kidogo sana, kanieneo yake kama sehemu moja ya mia ya hewa ya nje, kwa hiyo ufa mwembamba kama unywele hufyonza hewa na mrija umekwisha. Fundi wa vioo hukata, huunganisha elektrodi mpya (vipande vya chuma vinavyoingiza umeme kwenye ncha za mrija), huuchoma mrija kwa umeme mkali huku pampu ikivuta uchafu nje, ndipo hujaza gesi upya.

Lakini kwanza uhakikishe ni ufa. Herufi za neno moja huunganishwa mfululizo, mrija mmoja ukifa yote huzima. Ncha nyeusi ni elektrodi iliyochakaa. Kwa Mombasa tungeshuku pia chumvi ya bahari: ikichanganyika na vumbi kwenye vishikio, umeme huruka pembeni, unasikia mngurumo na harufu kali. Zima kwenye swichi kuu, usubiri, ufute kwa kitambaa kikavu. Usiguse bango likiwa na umeme, maana transfoma hutoa hadi volti 15,000.

Nyekundu ni neoni tupu. Bluu ni argoni na tone la zebaki, hivyo mrija huo ukivunjika fungua madirisha, usifagie; kusanya kwa karatasi ngumu na kitambaa chenye maji, uvitie vyote kwenye chombo cha kufunga. Na ukiagiza transfoma Marekani, soma kibandiko: za kule ni volti 120, na ukiichomeka kwenye 240 ya Mombasa itaungua.