Kwa wanaoingia mwaka wa kwanza UDSM: mambo huamuliwa mapema kuliko mnavyodhani

Mdogo wangu umeuliza: umepangiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, unatoka mkoani, mjini huna ndugu, uanzie wapi? Kwanza hongera. Nimesoma Mlimani, yaani kampasi kuu ya chuo hicho, shahada ya miaka mitatu, baadaye nikabaki kidogo nikisaidia kuendesha semina za mwaka wa kwanza, kwa hiyo haya nimeyaona nikiwa mwanafunzi na nikiwa msahihishaji.

Kidato cha sita kulikuwa na kengele, namba na mwalimu wa zamu anayepita mabwenini. Mlimani hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi. Unaweza kukosa lekcha mwezi mzima na barua isiende nyumbani. Kisha tarehe ya jaribio la kwanza inatangazwa kwenye grupu la WhatsApp la darasa, na hapo ndipo wengi wanaanza kutafuta madesa, yaani notsi za waliotangulia. Wameshachelewa.

Tazama hesabu yenyewe. Katika kozi nyingi, alama 40 kati ya 100 ni za kosiweki, yaani majaribio, semina na kazi za muhula. Zinazobaki 60 ni za UE, mtihani wa mwisho wa muhula. A inaanzia 70. Mwenye 32 za kosiweki anaingia kwenye chumba cha mtihani akitafuta 38 kati ya 60, jambo linalowezekana kabisa. Mwenye 20 anatafuta 50 kati ya 60, na wanaozipata ni wa kuhesabu. Nimesahihisha karatasi za vijana wenye akili sana ambao UE yao ilikuwa nzuri, ila kosiweki ikawashusha hadi B.

Mtaambiwa pia kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira. Msikubali. GPA ya mwisho, yaani wastani wa matokeo yako kwa kipimo cha hadi 5.0, inajumlisha mihula yote. Daraja la kwanza linaanzia 4.4, la pili la juu 3.5. Ukimaliza mwaka wa kwanza na 3.2, na uzito wa kozi ukawa sawa kila mwaka, utahitaji 5.0 kamili miaka miwili iliyobaki ili ufike 4.4. Yaani A tupu, kila kozi. Ndiyo maana nasema mlango wa daraja la kwanza kwa wengi unafungwa kabla hata hawajaijua njia ya kwenda kumbi za mihadhara za Yombo.

Sasa ufanye nini? Nenda semina ukiwa umesoma, na uongee hata kama Kiingereza kinakwama. Anayeongoza semina anakumbuka sura, na mara nyingi ndiye atakayesahihisha kazi yako. Kazi za kikundi usikubali kubebwa: wanaobebwa wanafika UE hawajui mada ambayo jina lao limeandikwa juu yake. Madesa ya kaka na dada zako yasome, lakini mitihani ya miaka iliyopita ina thamani zaidi, kwa sababu inakuonyesha mhadhiri anavyopenda kuuliza. Kwenye vimbweta, zile meza na viti vya zege vya nje, mnakwenda kujadiliana. Kusoma kwa kina nenda maktaba mpya ile iliyofunguliwa 2018, inachukua watu 2,100 kwa wakati mmoja, nafasi ipo. Na wahadhiri wana saa za kuonana na wanafunzi. Wanaogongwa mlango ni wachache, mwende. Andika swali lako kabla hujaingia.

Bumu, yaani hela ya kujikimu kutoka kwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo. Ni shilingi 10,000 kwa siku, na huingia kwa mkupuo wa takriban siku 60, hivyo unajikuta una laki sita kwenye simu kwa mara ya kwanza maishani. Siku hiyohiyo toa ya nauli, ya kuchapisha kazi na ya dharura, iweke mbali na macho, halafu inayobaki igawe kwa wiki. Rafiki atakayetaka kukopa wiki ya kwanza, mwambie kwa upole kwamba huna. Kumbuka pia ni mkopo: ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara. Usije mikono mitupu ukitegemea bumu likusubiri getini, kwani ni lazima kwanza usajiliwe na usaini. Bima ya NHIF ya wanafunzi, 50,400 kwa mwaka, ilipe mapema kama huna nyingine. Malaria haingoji bumu.

Hili nawaambia hasa wadogo zangu wa kike, ingawa wa kiume nao liwahusu: akitokea mtu mwenye mamlaka juu ya alama zako akaziunganisha na mwili wako, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Usifute ujumbe wake hata mmoja. Usiende peke yako anakokuita. Mwambie mtu unayemwamini siku hiyohiyo, kisha piga TAKUKURU, 113, bure. Msichana anayenyamaza kwa kuogopa sap, yaani kufelishwa na kurudia mtihani, anabeba mzigo ambao si wake.

Kuhusu hosteli: omba kwenye mfumo mara dirisha linapofunguliwa. Ukikosa, tafuteni wenzako wawili mpange Changanyikeni, Survey au Sinza. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na dalali naye anataka ya mwezi mmoja, kwa hiyo jipangeni na nyumbani mapema. Msitoe hela kabla hamjakiona chumba na kuongea na mwenye nyumba mwenyewe.

Hujataja kozi uliyopangiwa. Iandike hapa, wapo waliopita huko watakuambia kozi zipi za muhula wa kwanza zinahitaji kuanza nazo mapema.