Maswali ya Wasomaji: Nimwimbe Vipi Aliyenivunja Moyo?

SWALI: Mhariri, nimeachana na mchumba wangu, wa tatu kunivunja moyo. Nataka kutunga wimbo wa bongo fleva kuwahusu wote, lakini kila ubeti ninaouandika unageuka matusi. Nifanyeje? Msomaji, Tanga.

JIBU: Pole sana, dada yangu. Matusi huja kwa sababu unaandika hukumu kabla ya kisa. Mpe kila mmoja ubeti wake, na ndani ya ubeti huo weka jambo moja tu ambalo msikilizaji ataliona kwa macho yake: aliyesema yuko kazini huku vigelegele vya harusi vikisikika kwenye simu, au aliyekopa nauli ya kuja kukuona kisha asitokee. Jambo la namna hiyo linauma kuliko tusi lolote. Majina yaache, kwa maana wewe ni mtu wa Tanga, na taarabu ya kwenu imetufundisha kwamba fumbo likitungwa vizuri mlengwa hujitambua mwenyewe.

Kiitikio kiwe kifupi, nacho kizungumzie hali yako wewe, si makosa yao. Adele wa Uingereza, katika wimbo wake "Someone Like You" alioutunga na Dan Wilson na kuutoa mwaka 2011 baada ya kuachana na mpenzi wake, anamtakia mema mwanamume huyo, huku akisindikizwa na piano peke yake, na ndiyo maana tunamwamini. Nakusihi urekodi kwanza kwa simu, bila mdundo wowote, ndipo uende studio.