Jibu: Skrini kubwa au vitufe kwa gari la familia?

Salaam ndugu yangu. Umekwama kati ya magari mawili: moja kila kitu kimo ndani ya skrini, hata kiyoyozi, la pili lina skrini ndogo na vitufe. Niko Malindi, nimeendesha aina zote mbili. Ningechukua la vitufe.

Kwanza kaa ndani ya kila gari saa saba mchana, likiwa limeegeshwa juani. Ongeza baridi, punguza sauti, ondoa ukungu kwenye kioo cha mbele, yote kwa kupapasa tu. Ukilazimika kupekua kurasa mbili tatu, liache. Pale Gede bodaboda na watoto wa shule wanakatiza barabara, macho hayawezi kuwa kwenye skrini. Hata Euro NCAP, wale wapimaji wa usalama wa magari Ulaya, kuanzia 2026, wanayapa alama magari yenye swichi halisi za indiketa, hazadi, honi na wipa.

Kama limetumika Japani, washa redio palepale. FM ya kule huishia 95, yetu hufika 108, kwa hiyo stesheni nyingi hutazipata. Mimi sikuangalia: menyu yote Kijapani, ramani ya hukohuko. Fundi akabadilisha redio nzima, kamera ya nyuma ikazima wiki mbili, na mimi nina watoto wadogo uani!

Nenda na simu yako na waya wako ujaribu Android Auto au CarPlay, yaani kuleta ramani na muziki wa simu kwenye skrini ya gari. Usikubali kuambiwa "inafanya". La umeme sijaendesha, mwenye nalo aongezee.