Umemnunulia Sigara Ili Nyumba Itulie?

SWALI: Shangazi, mume wangu amevuta sigara miaka 12. Wiki tatu zilizopita dada yake alikuja, wakazungumza barazani hadi usiku wa manane, asubuhi akatangaza ameacha. Tangu hapo nyumba haikaliki. Anafoka kwa jambo dogo, usingizi hapati, anakohoa kuliko zamani, na jioni anatoka kutembea peke yake. Nahisi ana mwanamke. Juzi nilimwekea pakiti mezani ili tupate amani, akaitumbukiza chooni na hasemi nami. Mtoto wetu wa mwisho ana pumu, hizi kelele zinamwumiza. Nifanyeje?
Mama Wawili, Tanga

JIBU: Pole, mwanangu. Kuishi na mtu wa kufoka kunachosha.

Lakini katika ugomvi huu mimi niko upande wa mumeo. Pumu ya mtoto umeitaja mwisho kabisa, tena unalaumu kelele! Miaka yote hiyo mapazia na godoro vikinuka moshi, hukuona kinachombana kifua? Baba yake ameacha, wewe ukaenda dukani kuurudisha moshi kwa pesa yako.

Hasira na kukosa usingizi ni mwili unaodai nikotini. Wiki ya kwanza ndiyo kali, na kwa wengi hali hutulia kati ya wiki ya pili na ya nne, kwa hiyo amebakiza kidogo. Kikohozi nacho kinaweza kuzidi mwanzoni: vinyweleo vya njia ya hewa vilivyolazwa na moshi vinaamka na kusukuma makohozi nje. Ila kwa kuwa kimepita wiki mbili, aende hospitali apimwe kifua kikuu pia, na akiona damu asingoje hata siku moja.

Na huyo mwanamke yuko wapi? Siku hizi mume akibadili njia ya kurudi nyumbani tu, tayari ana mchepuko. Tunapekua simu, tunanusa mashati, kumuuliza mtu "unajisikiaje?" hatuwezi. Anatoka jioni kwa sababu ndiyo saa aliyozoea kuwasha. Anaikimbia sigara, na pengine anaukimbia mdomo wako.

Kinachokuuma nakijua. Ulisema miaka hakusikia, wifi akasema usiku mmoja akasikika. Basi asikike! Akifikisha mwaka 1 bila kuvuta, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo itakuwa kama nusu ya ile ya mvutaji. Faida hiyo ni yako na wanao kabla ya kuwa ya wifi.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Pakiti isionekane tena ndani, wala kibiriti karibu na kiti chake. Mwombe radhi leo, kwa maneno, si kwa pilau. Jioni akivaa viatu, vaa vyako mtoke wote. Kisha mpigie wifi yako simu umshukuru mwenyewe, usimtume mumeo salamu.