Kabla Hujaiacha Baiskeli Yako ya Zamani ya Changarawe

Ninazo baiskeli mbili ambazo ninazipitisha kwenye njia zilezile za changarawe. Ya kwanza ni ya fremu ya chuma iliyotengenezwa miaka ya 1990, ambayo enzi hizo iliuzwa kama baiskeli ya safari ndefu, kwa maana jina la baiskeli ya changarawe lilikuwa bado halijazoeleka. Hata Shimano, kampuni inayotengeneza vipuri vya baiskeli, ilitoa seti yake ya kwanza ya gia na breki za baiskeli za aina hii, GRX, mwaka 2019 tu. Ya pili ni ya kisasa, yenye fremu ya kaboni na breki za diski zinazotumia mafuta. Kila mara ninapoulizwa kama inafaa kuhama kutoka ya zamani kwenda ya kisasa, hujibu kwa kuuliza swali langu: hiyo uliyo nayo inapokea tairi pana kiasi gani?

Nasema hivyo kwa sababu tofauti kubwa nimeiona kwenye matairi, wala si kwenye uzito. Baiskeli yangu ya zamani haipitishi tairi la zaidi ya milimita 35, nalo, likiwa na tyubu ndani, hunilazimu kulijaza upepo hadi psi 55 hivi (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo). Nikipunguza, jiwe la kwanza nitakalolikanyaga kwa kasi litaibana tyubu dhidi ya rimu na kuitoboa matundu mawili yaliyokaa sambamba, mithili ya alama ya meno ya nyoka. Siku moja niliziba tundu moja, nikajaza upepo na kuondoka kwa furaha, na haikuchukua dakika kumi nikawa nimeketi tena kando ya njia nikilitafuta la pili. Baiskeli ya kisasa ina matairi ya milimita 45 yasiyo na tyubu, yenye dawa ya maji ndani inayoziba vitundu vidogo yenyewe, nami huyaendesha kwa psi 30. Pale ambapo barabara imefanya mikunjo kama bati, mikono yangu haifi ganzi tena.

Breki nazo zina lao. Za zamani hubana rimu kwa raba, na mvua inaponyesha, raba hulazimika kufuta maji na tope kwanza ndipo zishike, jambo ambalo kwenye mteremko huonekana kuchukua muda mrefu mno. Diski hushika papo hapo kwa kidole kimoja. Hata hivyo, waya wa breki ukikatika ninaubadilisha mwenyewe kwa spana na koleo, ilhali breki za mafuta zikiingia hewa zinahitaji vifaa na utulivu. Fundi mmoja aliwahi kunirudishia yangu ikiwa na hewa ndani, na mkono wa breki ukalala hadi kugusa usukani. Isitoshe, mipira ya mafuta imepitishwa ndani ya fremu, hivyo hata kubadilisha beringi ya shingo ni kazi ya jioni nzima.

Kwenye gia ndipo nilipoduwaa. Ya zamani ina sproketi tatu mbele, na gia yake nyepesi kabisa ni meno 26 mbele kwa 28 nyuma. Ya kisasa ina sproketi moja ya meno 40, na nyuma kubwa kabisa ina meno 42. Ukigawanya meno ya mbele kwa ya nyuma, ambapo jibu dogo ndilo gia nyepesi, utaona kwamba mkongwe ndiye mwepesi zaidi mlimani, ingawa kwa tofauti ndogo, na kwenye tambarare anayo gia nzito zaidi pia. Faida ya sproketi moja ni kwamba mnyororo hauruki ovyo.

Basi kabla ya kutoa fedha, chukua spana ya L ya milimita 5 uipitishe kati ya tairi na fremu, kila upande, mbele na nyuma. Ikipita bila kugusa na tairi lako lina milimita 40 au zaidi, nunua matairi mazuri na uendelee na safari. Isipopita, usidhani utaokolewa na magurudumu madogo ya 650B kama breki zako ni za rimu, kwa kuwa rimu yake huwa chini na mara nyingi raba hazitaifikia. Nilikwamia hapo hapo, na ndiyo sababu nikanunua ya pili.