Pesa za Halmashauri Zilifuata Jina Kwenye Bili

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia hivi: "Shikamoo dada. Kipindi cha Korona niliomba ruzuku ya halmashauri nikanyimwa, na mpaka leo sijaelewa kwa nini. Sasa halmashauri yetu imefungua mfuko mdogo wa vikundi na biashara ndogo, ila naogopa kuomba tena. Wewe ulipitaje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilikujibu kwa kifupi siku ile. Leo najibu kwa kirefu, maana najua hauko peke yako. Wengi wetu tunaoishi huku England, wenye saluni, vibanda vya chakula, meza sokoni na vikundi vya kusaidiana, tuliumia mwaka 2020 kwa sababu ile ile. Nimesikia watu wakisema walinyimwa kwa rangi yao au kwa Kiingereza chao. Sisemi mambo hayo hayapo. Ila katika ruzuku zile, kilichotukata miguu wengi wetu ni karatasi moja tu: bili ya kodi ya majengo ya biashara.

Wakati ule saluni yangu ilikuwa chumba cha mbele kwenye jengo la wapangaji wengi. Nililipa pango kila mwezi, na ndani ya pango hilo mlikuwa na kila kitu: umeme, maji, mpaka hiyo kodi ya jengo inayokwenda halmashauri. Mwenye jengo ndiye aliyepokea bili kwa jina lake. Tulipanga hivyo sote mle ndani, na hapakuwa na ubaya wowote, kwani ndivyo vyumba vidogo vinavyokodishwa.

Jumamosi ya tarehe 21 Machi nilimsuka binti mmoja rasta. Jumatatu usiku, tarehe 23, Boris Johnson akatokea kwenye televisheni akawaambia watu wabaki majumbani. Saluni zikafungwa kwa amri. Pango likaendelea kudaiwa.

Siku zile Rishi Sunak, aliyekuwa waziri wa fedha, alikuwa ameshatangaza ruzuku za biashara ndogo zitakazotolewa kupitia halmashauri. Biashara iliyokuwa ikipata nafuu ya kodi ya jengo kwa sababu ya udogo wake ingepewa pauni 10,000. Maduka, migahawa na sehemu za burudani zenye jengo ambalo kwa ajili ya kodi lilikadiriwa (yaani makadirio ya pango lake la mwaka, sio bei ya kulinunua) kati ya pauni 15,000 na 51,000 zingepewa pauni 25,000. Nilifurahi, nikampigia mama nyumbani nikamwambia Mungu ametuona.

Nilipofungua fomu, kati ya maswali ya kwanza kabisa palikuwa na nafasi ya kuandika namba ya akaunti iliyochapwa kwenye bili ya kodi ya jengo. Sikuwa nayo. Nikapiga simu halmashauri. Mama aliyepokea alikuwa mpole, akatafuta jina langu, akatafuta jina la saluni, akatafuta anwani. Kwenye anwani akaona jina la mwenye jengo. Akaniambia kwa masikitiko kwamba kwao biashara yangu haionekani. Miaka yote ile nimelipa, nimeajiri, nimesuka nusu ya mtaa, kumbe kwenye kompyuta ya halmashauri mimi sipo.

Sasa sikiliza lililoniuma zaidi. Jirani yangu wa duka la vyakula hakufunga hata siku moja, na kwa wiki kadhaa foleni yake ilifika hadi mlangoni kwangu. Yeye bili ilikuwa kwa jina lake na alikuwa na ile nafuu. Mwezi wa Aprili akapata pauni 10,000. Hakudanganya mtu. Sheria ya ruzuku ile haikuuliza kama umefunga au umepoteza mapato. Iliuliza kama tarehe 11 Machi 2020 ulikuwa kwenye orodha ya wanaopata nafuu. Serikali ilitaka pesa ziende haraka, na orodha pekee ambayo halmashauri zilikuwa nayo mkononi ni ya walipa kodi ya majengo. Naielewa hiyo haraka. Lakini nitasema wazi kwamba mpango unaompa aliyefungua na kumnyima aliyefungiwa kwa amri ulikuwa na dhuluma ndani yake, na mpaka leo nikipita mtaa ule moyo wangu unakaza.

Tulipiga kelele. Wapangaji wa majengo ya pamoja, wachuuzi wa sokoni, wenye nyumba ndogo za wageni, na vikundi vya hisani. Hawa wa hisani walikuwa na balaa lao: jengo la shirika la hisani hupunguziwa kodi kwa asilimia 80 kupitia nafuu yake maalumu, na kwa kuwa walikuwa kwenye nafuu hiyo, hawakuhesabiwa kwenye ile ya biashara ndogo. Kwa hiyo ukumbi uliokuwa ukilisha wazee ukakosa kile ambacho duka la jirani limepata. Tarehe 1 Mei serikali ikakubali kuongeza mfuko wa pili, hadi pauni milioni 617 kwa England nzima, na kuziachia halmashauri ziamue zenyewe nani apewe. Makundi yale manne niliyoyataja yaliwekwa mbele kwenye mwongozo. Huko Scotland na Wales walikuwa na mipango yao, hivyo kama ulikuwa huko hadithi yako ni nyingine.

Hapo ndipo nilipopita. Na nilipita kwa karatasi.

Mfuko wa pili ulitaka uthibitishe mambo machache: kwamba ulikuwa ukifanya biashara tarehe 11 Machi, kwamba una gharama za jengo zinazoendelea, na kwamba mapato yameanguka kwa sababu ya Korona. Nilichukua mkataba wangu wa pango, kurasa zote, sio ule wa sahihi peke yake. Nikachukua taarifa za benki za kuanzia Januari hadi Mei, nikapaka rangi ya njano kila mstari wa pango na rangi ya kijani kila mstari wa mteja. Ukitazama Januari, ukurasa ni kijani kutoka juu hadi chini. Februari vivyo hivyo. Machi kijani kinakwenda mpaka tarehe 21, malipo ya yule binti wa rasta, kisha kinakatika. Aprili nzima una mstari mmoja tu wenye rangi, wa njano: pango. Sikuandika maneno mengi chini yake. Nikaweka na barua fupi ya mwenye jengo inayosema kwamba kodi iko ndani ya pango, pamoja na picha ya mlango wenye tangazo la kufunga. Nikapewa pauni 5,000. Wenzangu wawili wa jengo lile lile, wenye shida ile ile, walituma fomu yenye maelezo marefu ya mateso yao bila taarifa za benki. Walirudishiwa, na walipokuwa wakitafuta karatasi dirisha likafungwa.

Najivunia fomu ile, na sioni haya kusema. Ofisa ana rundo la maombi mbele yake. Mrahisishie kazi, akuone bila kukutafuta.

Saluni zilifunguliwa tena tarehe 4 Julai. Mkataba wangu ulipokwisha sikuuongeza. Nilihamia kiduka kidogo mtaa wa nyuma, kimepauka na hakina dirisha la maana, lakini nilisema na wakala kabla ya kutia sahihi: bili ya kodi ya jengo ije kwa jina langu. Akashangaa, kwa sababu watu wengi wanaikimbia bili hiyo. Mimi nilikuwa nimeshajifunza kwamba jengo linalokadiriwa chini ya pauni 12,000, likiwa ndilo pekee ulilo nalo, unaweza kupata nafuu yote ukalipa sifuri. Unapokea bili ya sifuri yenye jina lako, na jina ndilo unalolihitaji.

Tarehe 5 Novemba tulifungwa tena. Safari hii halmashauri ilinilipa pauni 1,334 kwa wiki nne zile. Januari 2021, zuio la tatu, likaja fungu la mara moja la pauni 4,000 pamoja na ruzuku ya wiki tulizokuwa tumefungwa. Tulipofungua Aprili, saluni za ukubwa wetu zilikuwa na ruzuku ya kuanza upya ya pauni 8,000. Mtu yule yule, mikono ile ile, wateja wale wale. Kilichobadilika ni bili.

Upande wa kikundi chetu cha wazee hatukuwa na jengo, tulikuwa tukiazima ukumbi, kwa hiyo ruzuku za kodi ya jengo hazikutuhusu kabisa. Tuligonga kwenye mfuko wa bahati nasibu ya taifa, ambao serikali iliupitishia pauni milioni 200 za vikundi vya kijamii, na huko pia swali halikuwa huruma yetu. Waliuliza katiba ya kikundi, akaunti ya benki yenye watia sahihi wawili wasio na undugu, na hesabu za mwaka uliopita. Katibu wetu, mzee mkali aliyekuwa akitulazimisha kuandika muhtasari hata tukikutana watu wanne, ndiye aliyetuokoa. Tulipika, tukasambaza, hakuna mzee wetu aliyelala njaa.

Kwa hiyo mdogo wangu, na wewe unayesoma ukiwa na ndoto hiyo hiyo, acheni kuendesha mambo kwa mdomo. Mkataba wa pango uwe wa maandishi na jina la biashara lifanane herufi kwa herufi na la benki. Mapato yapite benki. Nakuomba sana hapo: ukipokea pesa taslimu, ipeleke benki, kwani siku ya kuthibitisha hasara, mapato yasiyoandikwa hayawezi kuanguka. Uliza nani anapokea bili ya jengo unalokalia. Kikundi kisichokuwa na katiba kikae chini mwezi huu kiandike. Na mapato ya shirika la hisani yakipita pauni 5,000 kwa mwaka, kulisajili kwenye tume ya mashirika ya hisani ni wajibu, hata kama mnaona bado ni wadogo.

Ukishapewa, tunza kila karatasi. Ruzuku zile hazikuwa mkopo, lakini zilihesabiwa kuwa mapato na zilitakiwa zionekane kwenye hesabu za kodi. Halmashauri ziliendelea kukagua baada ya kulipa, na aliyelipwa bila kustahili alidaiwa kurudisha. Nimeona watu wakitetemeka kwa barua kama hiyo ingawa hawakuiba chochote, kwa sababu tu walishatupa mkataba.

Kuhusu kuogopa kuomba tena: kukataliwa kwa mwaka 2020 hakuandikwi kwenye paji la uso. Mfuko huu mpya una masharti yake. Yasome yote, mpigie ofisa wa mfuko umuulize kitu kimoja tu, kama kikundi cha aina yako kinaruhusiwa kuomba, kabla hujapoteza jioni zako kujaza. Omba kiasi unachoweza kukieleza kwa risiti. Fomu ikiwa tayari nitumie kabla ya kuipeleka, pamoja na taarifa ya benki ya kikundi. Ukurasa wa bajeti ndio nitakaouanza.