Jibu: Utaijuaje shule ya msingi ya serikali kama ni nzuri, hapa Malindi?

Dada, umesema mwakani unahamishiwa kazi ya uuguzi Malindi kutoka Voi. Una binti anayeingia gredi ya nne na mdogo wake wa PP2 (mwaka wa pili wa chekechea), akademi, yaani shule ya binafsi, hamuiwezi kwa sasa, na wenzako wamekutia hofu kwamba shule za serikali katika miji midogo ya pwani hazina kitu. Ukauliza: KCPE, ule mtihani wa mwisho wa darasa la nane, imeondolewa, sasa mzazi atazame nini?

Waliokujibu kabla yangu wamekutajia majina ya shule. Mimi sitakutajia. Nimezaliwa mji huu, wanangu wote wamesoma shule za serikali za hapa, na nimekuwa mwakilishi wa wazazi muda wa kutosha kuona shule ikipanda na nyingine ikishuka kwa sababu tu mwalimu mkuu amehamishwa. Jina unalosifiwa leo huenda ni sifa za mtu aliyekwisha kuondoka. Bora ujue kuangalia mwenyewe.

Kwanza hilo la matokeo lisikusumbue. KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na hata ilipokuwepo, wastani wa shule ulikuwa unatudanganya wengi. Kuna shule zilizopandisha wastani kwa kuwarudisha darasa watoto dhaifu wakiwa la saba, wabaki wale wa kung'ara. Siku hizi gredi ya sita wanafanya KPSEA, tathmini ya kitaifa iliyoanza 2022, na mtoto anakwenda gredi ya saba hata akipata nini. Akija mtu kukuvutia kwa matokeo hayo, msikilize, kisha endelea na uchunguzi wako.

Mimi naipima shule kwa mtoto wa nyuma. Yule mwepesi, mwenye vitabu nyumbani na mama wa kumkalisha chini jioni, atasoma popote. Ukitaka kujua kama shule inafundisha, mtafute anayeitegemea shule peke yake.

Kwa hiyo anza na daftari. Ukishapata nyumba, iwe Barani, Maweni, Muyeye au Shella, zungumza na majirani wenye watoto katika shule unayoifikiria. Umwombe mama ambaye mwenyewe anasema "huyu wangu mzito kidogo" akuonyeshe daftari la hesabu la mwanawe. Atakupa, watu wa hapa si wachoyo kwa jambo kama hilo. Tazama tarehe kwanza. Kama kazi inaruka kutoka mwanzo wa mwezi hadi mwisho wake, na mtoto hakuwa mgonjwa, umeshapata jibu moja. Halafu tazama peni nyekundu inafanya nini.

Nikupe mfano wa madaftari mawili niliyowahi kuyashika, watoto wa gredi moja katika shule mbili tofauti. Wote walipewa 306 kutoa 158, na wote waliandika 252. Ukilitazama jibu hilo utaona mtoto amefikiri nini: kila safu ametoa namba ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Hajui kukopa, hasa anapokuta sifuri katikati. Katika daftari la kwanza mwalimu amepiga mkasi (alama ya X ya kukosa), hesabu inayofuata mkasi, chini yake ameandika 0/5 na "jitahidi". Ukurasa unaofuata ni mada nyingine kabisa. Daftari la pili nalo lina mkasi, lakini ile sifuri imezungushiwa duara, mwalimu ameandika pembeni mtoto amwone asubuhi, na chini yake, kwa mwandiko wa mtoto, hesabu imerudiwa hatua kwa hatua hadi 148. Kisha kuna nyingine mbili za namna ileile, na tiki. Shule hiyo ya pili ilikuwa na mabati yenye kutu na sakafu iliyochimbika. Ningempeleka mwanangu huko bila kuuliza mara ya pili.

Zipo pia shule ambazo kila kitu kina tiki, hata makosa. Hizo ndizo za kuogopa zaidi, kwa sababu mzazi asiyesoma sana anaona wekundu mzuri daftari zima na kuridhika.

La pili ni kusoma. Miaka ya nyuma watafiti wa Uwezo, shirika linalopima watoto wanajifunza kiasi gani, walikuwa wakipita majumbani kuwapima watoto wa miaka 6 hadi 16 kwa kazi za kiwango cha darasa la pili. Walikuwa na akili kufanya hivyo nyumbani, maana mtoto akiwa barazani kwao hana mwenzake wa kumnong'oneza. Nawe fanya vivyo hivyo, kwa upole, pasipo mtoto kujiona yuko kwenye mtihani. Chukua watoto wa gredi ya tatu wa jirani, uwape ukurasa ambao hawajawahi kuuona, hata kipande cha gazeti. Usitumie kitabu chao cha shule. Nilimsikiliza kijana mmoja akisoma hadithi ya kitabuni mwake vizuri sana, bila kukwama, mpaka nikagundua kwamba kidole changu kilikuwa kimefunika mstari wa mwisho, naye akausoma vilevile. Nilipofungua ukurasa mwingine akanyamaza. Darasa zima lilikuwa limekaririshwa kwa kuitikia kwa pamoja, na hakuna aliyekuwa amemsikiliza yeye peke yake.

Katika mpango wa serikali wa kufundisha kusoma, Tusome, ulioingia shule zote za umma mwaka 2015, maneno 45 kwa dakika ndiyo yaliyochukuliwa kuwa kusoma kwa ufasaha Kiswahili mwishoni mwa darasa la pili. Huna haja ya saa. Ukimsikiliza utajua kama anasoma au anapapasa. Muulize pia hadithi ilihusu nini.

Usitekwe na Kiingereza. Wazazi wengi hapa wakisikia chekechea wanaimba kwa Kiingereza wanasema hii ndiyo shule. Madarasa ya chini yanatakiwa kufundishwa kwa lugha ya eneo, na mjini hapa lugha hiyo ni Kiswahili, ingawa nje kidogo ya mji Kigiriama ndicho kinachotangulia. Mwanao wa PP2 akijua kusoma Kiswahili vizuri, Kiingereza kitamjia. Na ukikuta shule inawavika watoto kibao shingoni kwa kosa la kusema Kigiriama, toka. Mtoto anayeogopa kufungua mdomo hawezi kumuuliza mwalimu kitu.

Sasa nikuambie jambo ambalo nadhani ndilo kubwa kwa mji kama wetu, na sijaona mtu amelitaja: watoto wasiofika shuleni. Muhula wa kwanza unaangukia kaskazi, jua kali na watalii wamejaa. Kijana wa gredi ya sita anajua kwamba siku moja ufukweni akiuza vikuku inaweza kumpa pesa kuliko anazopata mama yake kwa kufulia watu. Kukiwa na bamvua, maji yakitoka mbali, wapo watakaokwenda mwambani kuchokoa pweza. Wasichana wanabaki nyumbani kulea wadogo zao. Hayo yapo katika kila shule ya hapa, ya sifa na isiyo na sifa. Tofauti iko katika kinachofanyika kiti kikiwa wazi.

Nilipokuwa mwakilishi nilionyeshwa rejista ya mwalimu mmoja wa gredi ya tano. Kila penye alama ya kutokuwepo ameandika sababu pembeni kwa kalamu ya risasi: "bibi mgonjwa", "sare haijakauka", "baba baharini, hana wa kumleta", na mahali pamoja, "sijui, nenda". Alikuwa akienda kweli. Mtoto asiyeonekana siku mbili, siku ya tatu mwalimu yuko mlangoni kwao baada ya masomo. Hakuna aliyemlipa kwa hilo. Darasa lake lilikuwa limejaa pomoni, na bado alijua ni sare ya nani haijakauka. Kwa hiyo ukikutana na mwalimu wa darasa, muulize tu: leo nani hawakuja, na kwa nini? Anayejua atakujibu bila kufungua rejista. Asiyejua ataanza kuwalaumu wazazi wa pwani kwamba hawapendi elimu, maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi na yananiuma kila mara, maana ni wazazi haohao wanaolala njaa ili mtoto apate daftari.

Kwa walimu, muulize mwalimu mkuu wangapi ni wa TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, na wangapi wanalipwa na bodi ya shule. Wa bodi wapo wazuri mno, ila mshahara wao unatoka kwa michango na wakipata kwingine wanaondoka katikati ya muhula. Kisha uulize swali ambalo wengi hawaliulizi: gredi ya kwanza hadi ya tatu wanafundishwa na nani? Desturi mbaya ni kuwaweka wenye uzoefu madarasa ya juu, na wadogo wakapewa yeyote aliyepatikana. Mwalimu mkuu anayemweka mtu wake hodari gredi ya kwanza anajua kazi yake.

Na kwa kuwa binti yako anaingia gredi ya nne, chungulia vyumba. Tangu Januari 2023 shule za msingi zimepokea gredi ya saba kwenda juu katika uwanja uleule. Mahali pengi hapakuongezwa madarasa ya kutosha, na waliobanwa ni hao wa katikati. Angalia kama gredi ya nne mbili zimeunganishwa chumba kimoja na watoto wanaandikia magotini.

Vyoo, wewe ni muuguzi sihitaji kukueleza. Mwongozo wa wizara ni tundu moja kwa wasichana 25 na moja kwa wavulana 30, shule nyingi haziufikii. Uliza wanafanyaje siku maji ya bomba yakikatika. Maji ya mji huu yanatoka Baricho, kwenye Mto Sabaki, na hukatika, na visima vya hapa vingi ni vya chumvi. Shule yenye tangi la mvua linalotunzwa, na sabuni ambayo haifungiwi ofisini, inawajali watoto. Binti yako hayuko mbali na umri wa hedhi, ambapo jambo hilo litamfanya akose shule au asikose.

Pesa zitakuja tu, hata kama shule ni ya bure. Elimu ya bure ilianza 2003, na sheria ya elimu ya msingi ya mwaka 2013 inakataza shule ya umma kutoza karo. Lakini kiwango tulichokizoea cha serikali ni shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka, na mara nyingi huchelewa. Kwa hiyo utaombwa ya mlinzi, ya mwalimu wa bodi, ya karatasi za majaribio. Mimi sigombani na mchango uliokubaliwa na wazazi kwenye mkutano na hesabu yake ikabandikwa ukutani. Ninachokitazama ni anafanywa nini mtoto ambaye kwao hawakutoa. Akirudishwa nyumbani, au jina lake likisomwa gwaride mbele ya wenzake, shule hiyo imevunja sheria na imemvunja mtoto moyo.

Fimbo nayo imepigwa marufuku kwa sheria, bado ipo. Pita langoni asubuhi kengele ikishalia, uone waliochelewa wanapokelewaje. Dakika kumi zinatosha.

Kama mtoto ataenda chuo, yaani madrasa, jioni, uliza mapema shule inatoa kazi ya nyumbani kiasi gani na inawabakisha hadi saa ngapi. Kuna shule zimezungumza na maustadhi wa mtaa wakapanga saa vizuri, na nyingine mtoto anachapa usingizi juu ya msahafu.

Kuhusu akademi, wasikutishe. Zipo nzuri. Zipo pia ambazo ni nyumba ya kupanga, basi la njano, na vijana waliomaliza kidato cha nne juzi wanafundisha kwa mshahara mdogo. Ulizia kwa vipimo hivihivi, daftari na rejista, na utaona nyingine hazifiki pale ilipo shule ya serikali iliyo jirani nazo.

Ziara yako usiifanye wiki ya kufungua, kila mtu ana pilikapilika na utaambiwa urudi. Nenda wiki ya pili au ya tatu, katikati ya wiki, ufike kabla ya mapumziko ya saa nne ili uone darasa likiwa kazini na uwanja ukiwa umejaa. Beba nakala za vyeti vya kuzaliwa vya wote wawili, ripoti ya gredi ya tatu ya binti, na namba yake ya UPI, ile ya kumtambulisha mwanafunzi. Hakikisha shule ya Voi imemwachilia kwenye mtandao wa wizara kabla hujahama, la sivyo utapiga simu kila siku kuwasihi. Na siku atakapopokelewa, chukua namba ya simu ya mwalimu wake wa darasa, umweleze wazi ni nini binti anakiweza na nini kinamshinda.